Amekunywa Maji?

Msikilizaji, kwa miaka sita sasa yuko mwanamke wa Tabora ambaye kila siku, ikifika saa tatu usiku, huniuliza swali moja. Haniulizi habari za kazi, na salamu zenyewe mara nyingi huziruka. Huandika maneno mawili tu: "Amekunywa maji?" Nami hujibu kwamba amekunywa, au huinuka, nikamwamsha mtoto, nikamshikisha kikombe, ndipo nikajibu.

Mtoto anayeulizwa ni mwanangu wa kiume. Ana miaka tisa na ana selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu tumezoea kuuita siko seli. Yule mwanamke si ndugu yangu. Hatukusoma pamoja, hatukupanga nyumba moja, wala hatukusali mahali pamoja. Tulikutana ndani ya simu, katika kundi la WhatsApp la wazazi wenye watoto kama wangu. Urafiki wa namna hii nimesikia ukibezwa na watu wasiopata kuuhitaji, na nimeuona ukigeuzwa mtaji na watu wanaojua vizuri sana jinsi tunavyouhitaji. Ndiyo maana leo nimeomba nafasi niuzungumzie.

Nianze na karatasi.

Mwanangu alipokuwa na miezi minane, viganja na nyayo zake zilivimba, akawa halali wala hanyonyi. Jirani alisema ni meno. Shangazi yake alisema ametupiwa kitu. Tulipofika hospitali damu ikapimwa, jibu likatoka: SS. Mama mkwe alisema katika ukoo wao ugonjwa huo haujawahi kuonekana, na alivyolivuta neno lile "wao" nilielewa mzigo unapelekwa kwa nani. Daktari, mtu mpole, alichukua karatasi akachora. Vinasaba vya damu vya baba ni A moja na S moja, vya mama vilevile, wote wawili wazima kabisa. Kila mimba wanayoipata, uwezekano ni mmoja katika nne kwamba mtoto atarithi S kwa baba na S kwa mama. Hapo seli zake nyekundu, badala ya kuwa duara laini, hujikunja kama mundu, zikakwama kwenye mishipa midogo, na mahali damu isipopita ndipo maumivu yanapowaka. Kwa hiyo hakuna ukoo mmoja wa kulaumiwa. S haiwi mbili bila koo mbili kukutana.

Niseme neno hapa, kwa kuwa lawama hii imevunja ndoa nyingi ninazozijua. Mwaka 1954 daktari mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alionyesha kwamba mtu mwenye S moja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana S imejaa pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, kote ambako mbu wametuzoea kwa karne na karne. Bibi yake mwanangu, yule yule aliyesema ukoo wao hauna, pengine alivuka utoto wake salama kwa sababu ya S moja aliyokuwa nayo. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu. Inakadiriwa ni zaidi ya 10,000 kila mwaka. Nyumba zenye siri hii ni nyingi mno kuliko tunavyoambiana.

Narudi kwenye karatasi. Upande wa pili daktari aliandika: maji mengi kila siku. Asipigwe na baridi. Alale kwenye chandarua. Folik asidi kila siku. Penisilini mpaka atimize miaka mitano. Akipata homa usingoje, mlete. Msikilizaji, kila kitu kilichomfikisha mwanangu miaka tisa kilikuwa kwenye karatasi ile. Wenzangu wa kwenye kundi hawakuniambia siri yoyote ambayo daktari alikuwa amenificha. Lakini mimi karatasi ile niliikunja, nikaiweka kabatini chini ya vitenge, na kwa zaidi ya miaka miwili sikuikunjua. Dawa nilimpa nilipokumbuka. Maji alikunywa alipoomba.

Nimejiuliza sana kwa nini. Sikuwa mjinga, kusoma najua, na mwanangu nilimpenda. Nadhani shauri ulilopewa mara moja, kwenye chumba chenye harufu ya dawa, huku masikio yamejaa hofu, halina mahali pa kukaa. Ukirudi nyumbani hakuna anayekuuliza. Mume yuko kimya, mama mkwe ana maneno yake, majirani hutaki wajue. Siku zinapita, na karatasi inazidi kuwa chini ya vitenge.

Siku moja muuguzi aliniona ninalia kwenye foleni ya kliniki. Hakunihubiria. Aligeuza kadi ya mtoto akaandika namba ya simu nyuma yake: "Mtafute huyu mama, mwambie nimekutuma." Nilimtafuta. Wakati ule kundi moja la WhatsApp halikuweza kuzidi watu 256, nao walikuwa wamejaa. Yule mama msimamizi akaniambia nisubiri. Baada ya wiki mbili alinitumia ujumbe: nafasi imepatikana. Sikuuliza imepatikanaje.

Wiki za kwanza sikuandika chochote. Nilisoma tu, na kusikiliza zile sauti za kurekodi, ambamo mtu anazungumza huku nyuma yake unasikia jogoo, au bajaji, au mtoto analia. Baba mmoja wa Musoma alisimulia alivyomtengenezea mwanawe ratiba ya maji kwa vizibo vya soda: kila kikombe kizibo kimoja, vikifika nane jioni wanahesabu pamoja. Mama wa Tanga alieleza alivyokwenda kumwona mwalimu mkuu kuomba mtoto aruhusiwe kutoka kwenda chooni kila anapotaka, maana mtoto anayekunywa maji mengi hukojoa mara nyingi, na akizuiwa ataanza kuyakataa maji yenyewe. Hilo la choo halikuwa kwenye karatasi yangu. Daktari alisema "maji mengi", na alisema kweli, lakini kati ya neno la daktari na koo la mtoto kuna mwalimu mkuu, kuna choo cha shule, kuna aibu ya kuomba ruhusa mbele ya wenzake. Njia hiyo anaijua aliyeipita.

Na walikuwamo wakubwa, watu wazima wenye SS wenyewe. Kijana mmoja wa Moshi, fundi wa simu, alitueleza wazazi kwamba anapokuwa kwenye maumivu, kuulizwa kila dakika "unaumwa wapi" kunamchosha kuliko ugonjwa. Mpashe joto, alisema, mpe dawa ya maumivu kwa saa zake, kisha mzungumzie mpira. Mwingine, dada wa miaka 34, aliandika siku moja kwamba amelipa kodi ya nyumba ya mwaka mzima. Basi, hakuongeza neno. Unajua majirani walikuwa wameniambia nini? Kwamba watoto hawa hawafiki miaka 18. Ujumbe ule wa kodi ya nyumba niliusoma mara nne, nikaenda kumwonyesha mume wangu, na usiku ule kwa mara ya kwanza tulizungumza juu ya mtoto wetu atakuja kufanya kazi gani.

Sasa niwasimulie usiku ninaoukumbuka kuliko yote.

Ilikuwa saa saba na nusu. Mwanangu alikuwa na homa, kipimajoto kilisoma 38.9, na alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda ngazi. Mvua ilikuwa inanyesha, mume wangu amesafiri. Niliandika kwenye kundi: "Nimpe dawa ya homa nisubiri kupambazuke?" Nilitaka wakubali. Nakiri hivyo. Nilikuwa nimechoka, na nilitaka mtu mmoja tu aniambie subiri.

Hakuna aliyesema hivyo. Baba wa Musoma aliandika: "Homa ya watoto wetu haina asubuhi." Mama wa Tanga aliandika: "Amka dada." Na yule wa Tabora, ambaye mpaka wakati huo hatukuwa tumezungumza hata mara moja, hakuandika. Alipiga simu. Hakuniuliza nimpe nini wala nisimpe nini. Aliniuliza, "Umevaa viatu?" Nikasema bado. "Vaa. Nasubiri." Nikavaa. "Kadi ya kliniki iko wapi?" Nikaitafuta. "Mfunike vizuri asilowe." Alikaa kwenye simu mpaka bajaji ikaja, akakaa mpaka nikamsikia mlinzi wa hospitali akifungua geti, ndipo akakata. Nilikuja kujua baadaye kwamba salio lile lilikuwa lake la wiki nzima. Mapafu ya mwanangu yalikuwa yameanza kushambuliwa. Alilazwa siku sita, akapona.

Ukiutazama vizuri usiku ule, hutaona ushauri wa kitabibu ndani yake. Mwanamke wa Tabora hakutibu. Alinivalisha viatu kutoka mbali, basi. Mimi naamini hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote ambazo makundi haya yanaweza kufanya: kumtoa mtu pale alipokwama na kumfikisha mlangoni kwa daktari kabla hajachelewa.

Watafiti nao wameliona jambo hili, tena kwa maneno yetu wenyewe ya Kiswahili. Kati ya mwaka 2007 na 2008, nchini Kenya, wagonjwa 538 walioanza kutumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma za kawaida. La pili lilipata huduma zile zile, na kila wiki ujumbe mfupi wa simu kutoka kliniki wenye neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Akisema shida, au akikaa kimya, muuguzi alimpigia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: waliokuwa wakiulizwa "Mambo?" walizifuata dawa zao vizuri zaidi, asilimia 62 dhidi ya 50, na virusi vilidhibitiwa kwa wengi zaidi wao. Ujumbe haukutaja dawa hata kidogo. Ulikuwa salamu tu, ya mtu anayesubiri jibu.

Na kabla ya simu watu walikwisha kulijua hili kwa miguu yao. Mwaka 1987 huko Uganda, Noerine Kaleeba, akiwa amefiwa na mumewe kwa UKIMWI, alianzisha TASO pamoja na wenzake ambao wengi wao walikuwa wagonjwa. Dawa zilikuwa hazijafika. Walichokuwa nacho ni kukaa pamoja, kuulizana hali na kutembeleana. Simu imekuja kuurefusha mkono ule ule, ukafika Tabora saa saba na nusu za usiku.

Lakini mkono mrefu hufikiwa na kila mtu, na hapa nazungumza kwa uchungu.

Wako wanaoingia kwenye makundi yetu kuuza. Miaka mitatu iliyopita ilizunguka sauti ya mtu wa maneno matamu, dakika nne nzima. Alisema haidroksiyurea, dawa ambayo watoto wetu wengi wanatumia, ni dawa ya saratani, kwamba inaua uzazi, kwamba madaktari wanajua na wananyamaza. Mwishoni akataja unga wa mizizi unaomaliza selimundu kwa siku 90, na namba ya kutumia pesa. Hila yake ilikuwa kuanza na kweli. Ni kweli haidroksiyurea hutumika pia kwa baadhi ya saratani. Maswali kuhusu uzazi wa vijana wa kiume nayo yapo, na mahali pake ni mbele ya daktari anayempima damu kijana huyo. Kilichobaki kilikuwa uongo. Dawa hii ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 600 Luanda, Kinshasa, Mbale na Kilifi, pwani ya Kenya, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha maumivu yamepungua, kuongezewa damu kumepungua, malaria imepungua, na vifo vimepungua. Hayo yote yalikwisha kujulikana sauti ile ilipotufikia.

Mama mmoja wa Geita alimwachisha mwanawe dawa. Ndani ya miezi miwili mtoto alilazwa mara tatu na kuongezewa damu. Mimi mwenyewe sauti ile niliisikiliza mpaka mwisho, na usiku huo nilikishika kidonge cha mwanangu kwa muda mrefu kabla ya kumpa. Naeleza hili ili asiwepo anayedhani wanaodanganywa ni watu wa namna nyingine. Anayedanganywa ni mzazi ambaye hajalala.

Baada ya hapo msimamizi wetu alikaza kamba, nami namshukuru. Hakuna kuuza kitu chochote, hata asali. Hakuna kutaja kipimo cha dawa, maana mtoto wa kilo kumi na wa kilo thelathini hawanywi sawa. Sema ulichokifanya wewe na kilichotokea, usimwamuru mwenzio. Mtu akiandika homa, au kupumua kwa shida, au tumbo limejaa ghafla, au mdomo umekwenda upande, jibu ni moja, nenda hospitali, na mengine yatafuata akishafika. Picha ya mtoto haitoki nje ya kundi. Sharti hilo la mwisho tulilinunua ghali. Picha ya binti wa mwenzetu, akiwa kitandani na dripu mkononi, ilichukuliwa na kurushwa huko na huko kuombea michango ambayo familia yake haikuiona hata shilingi. Yule binti alikuwa kidato cha pili. Wanafunzi wenzake waliiona.

Wako wanaosema kwamba kwa hatari hizo zote afadhali wazazi waachane na mambo ya makundi, wamsikilize daktari peke yake. Ningependa wakumbuke Jamaika. Huko, daktari Graham Serjeant na wenzake walikuwa wakifuatilia watoto wa selimundu tangu walipozaliwa, na waliona wengi wanakufa kwa sababu bandama ilinasa damu ghafla, ikavimba ndani ya saa chache, mtoto akaishiwa damu kabla hajafikishwa hospitali. Wakawafundisha akina mama kupapasa tumbo upande wa kushoto chini ya mbavu, waijue bandama ya mtoto akiwa mzima, ili ikikua waitambue. Vifo vilipungua. Daktari hawezi kulala na mtoto. Anayelala naye ni mama, na mama akifundishwa vizuri mkono wake unaokoa. Mimi nilifundishwa na muuguzi, siku ya kliniki, na kwenye kundi ndiko ninakokumbushwa kila Jumapili na mama wa Tanga: "Mmepapasa?"

Kuna ambao simu zetu haziwafikii. Bibi mmoja wa Nzega analea mjukuu mwenye SS, na anachomiliki ni simu ya kitochi, hana intaneti wala bando. Mwenzetu mmoja alijitolea kumpigia kila Jumamosi, akamsomea yaliyosemwa wiki nzima, kisha akaandika maswali ya bibi na kutuletea. Bibi huyo hajawahi kuonekana na yeyote kati yetu, lakini wiki asipopatikana kundi zima huuliza.

Nilisema sikuuliza ile nafasi yangu ilipatikanaje. Nilikuja kujua. Mama mmoja alikuwa amefiwa na mwanawe, akaaga, akatoka. Nafasi yangu ilikuwa yake. Siku hizi kundi moja linaweza kubeba watu 1,024 na hakuna tena wa kusubiri, lakini kila anapotoka mtu kwa msiba mimi hushindwa kuwa na amani siku nzima.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa Agosti, binti wa rafiki yangu wa Tabora alifariki. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Maumivu yalimshika kifuani asubuhi, wakamwahisha hospitali, wakafanya kila kilichoandikwa kwenye karatasi, na jioni akaondoka. Nilipanda basi kwenda msibani. Hiyo ndiyo mara pekee mimi na yeye tumeonana uso kwa uso. Nilimtambua kwa sauti, kwa kuwa uso wake ulikuwa umebadilika kabisa na ule wa kwenye picha. Tulikaa mkekani siku mbili na hatukuzungumza sana.

Niliporudi nilijua atatoka kwenye kundi. Kila mtu alijua. Msimamizi hakumwondoa wala hakumuuliza. Siku ya arobaini ikapita. Kisha usiku mmoja, saa tatu na dakika chache, simu yangu ikatoa mlio wa ujumbe, na juu yake lilikuwa jina lake: "Amekunywa maji?"

Nilikaa kitandani na simu ile mkononi nisijue la kuandika. Mwanangu alikuwa amelala pembeni yangu, kikombe kitupu sakafuni. Mwishowe niliandika: "Amekunywa." Nikangoja. Kisha nikaandika: "Na wewe, umekula?"

Alichelewa kujibu. Halafu akajibu: "Bado."

Nikampigia. Nikamwambia awashe jiko, mimi nipo. Sikukata simu mpaka niliposikia kifuniko cha sufuria.